Risala ya Wazazi na Walezi wa Watoto Wenye Baridi Yabisi na Maradhi ya Kinga ya Mwili kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Masheha,
Madaktari na wauguzi,
Walimu wetu wa skuli na wa vyuo vya Kurani,
Wazazi wenzetu pamoja na watoto wetu,

Assalaamu alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa na afya, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tumekua tukijua kuwa baridi yabisi ni maradhi ya watu wazima, na ndiyo maana mtoto anapolalamika goti tunaambiwa kuwa anakua, au kaanguka mpirani, au ana selimundu. Huenda ikawa kweli. Lakini mtoto ambaye hajafikia miaka 16, ambaye kiungo chake kimevimba kwa wiki 6 au zaidi na sababu nyengine haikuonekana, huyo ana baridi yabisi ya utotoni mpaka dakta aseme vyenginevyo. Si maradhi mapya, kwani Dakta George Frederic Still wa London aliandika habari za watoto 22 wa namna hii mwaka 1897. Kinachotokea ni kuwa kinga ya mwili, iliyowekwa kumlinda mtoto na vijidudu, hugeuka ikashambulia utando wa ndani ya viungo vyake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tungependa walimu waliopo hapa wamuelewe mtoto huyu. Saa moja asubuhi vidole vyake vimekakamaa, hawezi kufunga vifungo vya shati wala kushika kalamu, na chuoni hawezi kukunja miguu juu ya mkeka. Ikifika saa nne viungo vimepata joto na anakimbia na wenziwe uwanjani. Mwalimu anayemuona nyakati zote mbili hudhani kuwa mtoto ni mvivu au muongo, na wapo waliokwisha kuchapwa kwa sababu hiyo. Kukakamaa asubuhi na kulegea baadaye ndiyo dalili yenyewe ya maradhi haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo linalotutia hofu zaidi kuliko magoti ni macho. Baadhi ya watoto hawa, hasa wale walioanza kuumwa wakiwa wadogo, hupata uvimbe ndani ya jicho usiouma, usiowasha na usiolifanya jicho kuwa jekundu. Mzazi haoni kitu. Uvimbe huo ukiachwa huleta mtoto wa jicho, presha ya jicho na hata upofu, na njia ya kuugundua mapema ni mtaalamu wa macho kumpima mtoto kwa darubini maalumu kila baada ya miezi michache, hata kama mtoto mwenyewe anasema anaona vizuri.

Dawa zipo. Methotrekseti, dawa inayoituliza kinga ya mwili isishambulie viungo, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu za watoto, na kwa maradhi haya hunywewa mara moja tu kwa wiki, pamoja na vipimo vya damu na vya ini kila baada ya muda. Tunasisitiza hilo la wiki, kwa kuwa akipewa kila siku inaweza kumuua. Kwa wale ambao haiwasaidii, kuna dawa mpya za sindano zilizoanza kuruhusiwa kwa watoto nchini Marekani mwaka 1999, ingawa bei yake bado iko mbali na mfuko wa mvuvi au mkulima wa karafuu. Tunapozikosa zote mbili, mtoto hubakia na vidonge vya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, mwaka hadi mwaka, akavimba uso na kudumaa kimo.

Ndugu wa karibu wa maradhi haya ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maumivu ya koo yaliyosababishwa na bakteria na ambayo haikutibiwa. Maumivu yake huhama kiungo hadi kiungo na kuondoka yenyewe, lakini huweza kuharibu vali za moyo, na hapo ndipo safari za Dar es Salaam zinapoanza, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wenzetu wa Uganda walifanya utafiti kwa watoto 818 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila ya wao kujua. Katika miaka 2, waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi na hali zao zikazidi kuwa mbaya walikuwa asilimia 0.8, na kwa wasiochomwa walifikia asilimia 8.2. Sindano yenyewe ni ya zamani na ya bei nafuu.

Wapo pia watoto waliozaliwa na kinga pungufu, wanaorudi wodini kwa nimonia na masikio yanayotoka usaha. Hao nao tunawaombea wapimwe kinga, wasiandikiwe antibiotiki tu na kurudishwa nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiambiwa kuwa utafiti ni kazi ya nchi tajiri, hatukubali. Utafiti uliofanywa hapa Pemba kuhusu kuwapa watoto wadogo madini ya chuma, uliochapishwa mwaka 2006, ulilifanya Shirika la Afya Duniani libadilishe ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Maabara ya Ivo de Carneri ipo Wawi tangu mwaka 2000. Huko Ulaya inakadiriwa kuwa mtoto mmoja hivi katika kila 1,000 ana baridi yabisi ya utotoni. Ikiwa kipimo hicho kinatuhusu, basi Pemba yenye watu zaidi ya 540,000 ina watoto kama hao mia mbili na zaidi, na wanaofika kliniki hawakaribii idadi hiyo.

Kwa hivyo ombi letu la kwanza ni daftari moja la watoto hawa kwa Unguja na Pemba, litakalowekwa na Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tukipewa jengo jipya la kliniki tutalipokea kwa mikono miwili, lakini tusiposema kweli tutakuwa tumekuficha: kinachotukwamisha leo si jengo. Tunaomba siku moja ya kliniki kila mwezi katika hospitali mojawapo hapa Pemba, dakta wa watoto na mtaalamu wa macho wakae chumba kimoja, ili mama asipande boti mara mbili kwa mtoto mmoja. Tunaomba methotrekseti na penisilini hiyo zisikatike bohari ya dawa. Na tunaomba dakta mmoja kijana, mzaliwa wa visiwa hivi, asomeshwe ubingwa wa maradhi haya, kwa masharti kwamba akimaliza atarudi kufanya kazi Zanzibar.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.