Darubini ya kusomea mishale

Malindi, Unguja

Sahibu yangu Faki,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na salamu zote zimefika. Huku nyumbani wazima, alhamdulillahi. Umeuliza darubini gani ya bei ya chini itakufaa kusoma mishale ya upinde wako kwa mita 70, yaani kuona ilipopiga kwenye shabaha, na umenitumia picha ya ile iliyoandikwa 80x100 ambayo jamaa anayerudi kutoka Dubai yuko tayari kukubebea. Mwambie asiibebe. Fedha hiyo ukiiongeza kidogo inanunua kitu utakachokaa nacho miaka.

Tuanze na kile jicho linachotafuta kule mbele. Karatasi ya shabaha ya mita 70 ina upana wa sm 122, kila pete ni sm 6.1, na duara la katikati, lenye pointi kumi, ni sm 12.2. Mti wa mshale wa kupigia nje una unene wa mm 5 au 6 hivi. Kwa masafa hayo jicho tupu lenye afya linapambanua vitu vilivyoachana kama sm 2, ndiyo maana ukisimama mstarini huoni kitu ila rangi. Darubini ya mara 20 inaisogeza shabaha ikawa kama iko mita 3.5 mbele yako. Kwa mita 3.5 nani anashindwa kuona mshale? Kwa hiyo mara 20 inatosha, mara 25 hadi 30 ni ziada nzuri, na zaidi ya hapo unalipia usichokitumia.

Sasa lipo jambo ambalo wauzaji hawaligusi, na ndilo linaloamua ununue nini. Mshale wa rikavu, ule upinde wa ncha zilizopinda mbele, hauingii kwenye karatasi ukiwa sambamba na ardhi. Unaondoka ukipanda na kufika ukishuka. Ukienda kasi ya kama mita 60 kwa sekunde, kwa mita 70 unafika na mteremko wa nyuzi 5 hadi 6. Sehemu inayobaki nje ya shabaha ni kama sm 60. Piga hesabu utaona kwamba kile kijino cha nyuma kinachoshika upote kinakaa karibu sm 6 juu ya tundu, na sm 6 ni pete nzima. Anayesoma vijino peke yake anaiona tisa ya chini kama kumi, na kumi ya juu anaiona kama tisa. Akiona mishale iko juu anapandisha saiti (kile kifaa cha kulengea kwenye upinde), mishale inateremka, na kundi lililokuwa katikati linahamia chini kwenye mpaka wa tisa. Cha kusoma ni pale mti unapozama kwenye karatasi. Ukitazama vizuri kwa darubini utaona kijistari kifupi kinachoshuka kutoka kwenye kijino, na mwisho wake wa chini ndipo mshale ulipopiga. Kwa kompaundi, ule upinde wa magurudumu, wa mita 50 tofauti hiyo hupungua hadi kama sm 2, kwa kuwa mshale una kasi zaidi na masafa ni mafupi.

Kijistari hicho ndicho unachokinunulia darubini, Faki. Kukiona kunataka kioo safi na stendi isiyotikisika. Namba kubwa kwenye boksi haikipi jicho lako chochote.

Na hiyo namba ya 80x100, itazame tena. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi ya 100 ingekuwa na upana wa sm 10, na kitu cha kwenye picha yako kinaingia mfukoni. Vingi vya namna hiyo, viandikwe 40x60 au 80x100, kwa kweli ni vya mara 8 hadi 12 tu. Upo mtihani mwepesi unaoweza kuufanya dukani. Ielekeze darubini kwenye anga lenye mwanga (kwenye jua kamwe, linapofua jicho mara moja), ishike mbali nawe urefu wa mkono, utaona kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya jicho. Kipime kwa rula. Kipenyo cha lenzi ya mbele ukikigawa kwa ukuzaji ndiyo kipimo chake: lenzi ya 60 kwa mara 20 inatoa mm 3. Kiduara kikiwa mm 5 au 6, ukuzaji umeongezewa chumvi. Kikiwa mm 2, ndani mna kizuizi kinachoibana lenzi, na wewe unalipia 60 huku unapata 40.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kwa nini mara 60 haikufai. Lenzi ya 60 kwa mara 60 inakuachia kiduara cha mm 1. Picha inafifia, na kichwa kikisogea kidogo tu shabaha inapotea. Juu ya hapo kuna joto letu. Ikishafika saa 4 asubuhi, jua likiwa limepiga uwanja, hewa iliyo juu ya mchanga na nyasi kavu huanza kuchezacheza, na darubini inaukuza mchezo huo sawasawa na inavyoikuza shabaha. Kwa mara 20 unaona mshale unatetemeka kidogo. Kwa mara 50 huoni mshale. Darubini ya gharama yoyote haiondoi hilo, dawa yake ni kurudisha kipete cha ukuzaji kwenye namba ya chini.

Basi tafuta iliyoandikwa 20-60x60 (ukuzaji wa mara 20 hadi 60, lenzi ya 60), au 18-55x65, au 15-45x60, na uitumie sehemu ya chini ya kipimo chake. Lenzi ya 50 inatosha kwa mita 50, na kwa 70 inafaa kukiwa na mwanga mzuri. Ya 80 ni nzuri lakini nzito, na uzito wake unadai stendi ya bei kubwa. Kwenye boksi tafuta BAK4, ndiyo aina ya kioo cha prizimu, pamoja na FMC, maana yake nyuso zote za lenzi zina tabaka kadhaa za kuzuia mwanga usirudi nyuma. Yenye lenzi inayong'aa nyekundu iache. Herufi ED ni kioo bora zaidi kinachopunguza ukingo wa zambarau, lakini kwa mara 20 hadi 30 faida yake ni ndogo na bei inaruka. Kwa kuwa unavaa miwani, angalia nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi, isipungue mm 15 kwa ukuzaji wa chini, na kile kikombe cha mpira kiwe kinashuka. La sivyo utaona duara dogo katikati na weusi pembeni.

Chukua yenye kitazamio kilichopinda nyuzi 45, usichukue iliyonyooka. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huu zinataka sehemu ya juu kabisa ya darubini inayoachwa mstarini isizidi kimo cha kwapa la mpigaji. Iliyonyooka ikikaa kimo hicho inakulazimisha kupiga magoti au kupinda mgongo kila mshale. Iliyopinda unainamisha kichwa tu, miguu haihami. Na miguu isihame, maana kwenye mechi za kupokezana, mnapopiga mshale mmoja mmoja kwa zamu, una sekunde 20 kwa mshale. Taabu ya iliyopinda ni kuilenga mara ya kwanza, kwa sababu unatazama chini huku lenzi inatazama mbele. Anza na ukuzaji wa chini kabisa, tafuta shabaha yote, kaza skrubu, ndipo uongeze ukuzaji.

Stendi ndiyo watu wanayoifanyia ubahili, na hapo ndipo fedha inapopotea. Kile kistendi kidogo cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi ni cha mezani, kiweke kando. Nunua ya miguu mitatu ya alumini yenye skrubu ya robo inchi, inayofika kimo chako bila kuinua nguzo ya katikati. Nguzo hiyo ikipanda sm 20 darubini inayumba kwa upepo mdogo, na upepo wa kusi hapo Pemba si mdogo. Refusha kwanza vipande vinene vya miguu, vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho. Funga chupa ya maji ya lita 1.5 chini ya nguzo, lakini ifunge na mguu mmoja pia, kwa kuwa ikining'inia huru inabembea na kuitikisa stendi zaidi ya upepo wenyewe. Kwenye mchanga weka vipande vya ubao chini ya miguu, vinginevyo mmoja unazama taratibu na shabaha inatoka kwenye picha katikati ya raundi. Kupima stendi, igonge kwa kidole huku unatazama. Picha itulie ndani ya sekunde mbili. Ikiendelea kucheza, achana nayo hata kama muuzaji anakupunguzia.

Kwa kuwa unapiga mkono wa kulia, simamisha stendi mbele ya kifua upande wa shabaha, umbali ambao jicho linafika kwa kuinama kidogo. Kabla ya kuanza vuta upinde pole pole bila mshale, uurudishe pole pole bila kuuachia, halafu uteremshe kama unavyouteremsha baada ya kupiga, uone kama bawa la chini la upinde haligusi darubini. Wengi wameivunja darubini hapo.

Jambo la mishale yenyewe litakusaidia kuliko ukuzaji. Mti mweusi kwenye manjano unaonekana, kwenye pete nyeusi unapotea. Weka vijino na vinyoya vya rangi kali, waridi au kijani cha kung'aa, ila mishale yote ya zamu moja ifanane rangi, ndivyo kanuni inavyosema.

Ikifika mikononi mwako, usiilipie kabla ya kuijaribu. Chukua kalenda ya ukutani, isogelee mpaka mita 3.5 na utafute mstari wa maandishi madogo kabisa unaoweza kuusoma kwa jicho tupu. Sasa itundike, pima mita 70 kwa kamba, weka darubini kwa mara 20 na usome mstari ule ule. Fanya hivyo kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi kabla hewa haijapata joto. Ukisomeka, kioo kizuri. Usiposomeka ukiwa umeshazungusha fokasi mbele na nyuma, kioo kibovu, maneno ya boksi yaseme yanavyotaka. Kisha tazama kuti la mnazi dhidi ya anga jeupe: uzi mwembamba wa zambarau ukingoni ni wa kawaida, mkanda mpana si wa kawaida. Halafu mulika kwa tochi kupitia lenzi ya mbele. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando, hiyo ni koga. Darubini iliyotumika ikiwa nayo usiichukue hata kwa bure, maana koga inakula mpako wa lenzi na kuisafisha ndani si kazi ya kufanyia nyumbani.

Na yako usiiache ikashika koga. Iliyojazwa nitrojeni na kuzibwa inavumilia zaidi, lakini kwa unyevu wa masika wa Pemba hata hiyo isilale kwenye mkoba wake wa kitambaa. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na punje za silika, zile zinazofyonza unyevu na kubadilika rangi. Zikigeuka, zikaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka zirudi rangi yake. Mchele usitie, una vumbi. Kwenye boti ibebe mkononi, isikae sitaha inakofika chumvi. Lenzi ikipata chumvi au mchanga, puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Ukianza na kanzu umeshaichora.

Kwa majina, SVBONY SV28 ya 20-60x60 ni mfano mzuri wa ngazi ya chini kabisa inayofaa. Ngazi inayofuata ni Celestron Ultima 65, ambayo ni 18-55 na imepinda nyuzi 45. Hizo zote kwa mara 20 zinakionyesha kijistari chetu. Fedha ulizonazo zigawe mafungu matatu, mawili ya darubini na moja la stendi. Zikiwa hazitoshi, nunua stendi nzuri sasa na ufunge juu yake darubini ya macho mawili ya 10x50. Kwa mita 30 itakutosha kabisa, kwa 50 utaona vinyoya na mti ukitulia, kwa 70 utaona kundi lilipo bila kusoma pete. Stendi itakungoja. Kishikio cha simu usikinunue bado. Kwa mazoezi kinafaa, lakini mashindanoni usikitegemee.

Niandikie mambo mawili: kimo chako kutoka ardhini mpaka kwapani ukiwa umevaa viatu vya kupigia, na unene wa mti wa mishale yako. Nikishapata kimo nitakutafutia stendi huku mjini, na huyo jamaa wa Dubai abebe darubini peke yake.

Nduguyo,
Haji