Dada, mwache mpwa wangu aulize

Dada yangu, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho. Mwanao amekataa kusimama kwenye puja, ibada yetu Wahindu ya nyumbani, likizo hii, amemuuliza baba yake mbele za wageni ni nani aliyewahi kumwona Mungu, na sasa unataka mimi, mjomba wake ninayekaa na vijana kila Jumapili hapa Dodoma, nimnyooshe. Nakujibu hadharani, bila kutaja jina lako wala lake, kwa kuwa wazazi kadhaa wa jamii yetu wameniletea ombi hilohilo, na wote nawajibu vivyo hivyo: kumnyoosha siwezi, ila kumfundisha niko tayari.

Tuanzie anakoyapata maswali hayo. Kipindi cha dini kikifika shuleni kwao, Wakristo wanaingia chumba hiki, Waislamu kile, yeye anabaki nje. Usiku bwenini wenzake wanamuuliza: mbona mnaabudu ng'ombe, mbona miungu yenu ina mikono minne, kweli ukifa unaweza kurudi mbuzi? Wengi wao hawaulizi kwa ubaya. (Vijana wa Kigogo ndio wanaoelewa haraka habari ya ng'ombe, maana kwao ng'ombe ni mahari na ni heshima ya ukoo.) Mtoto anajibu kwa kile alichopewa nyumbani, na sisi nyumbani tumempa namna ya kushika sahani ya taa na beti za Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko yetu, ambazo hakuna aliyemfafanulia. Anapotafuta sababu akakuta hana hata moja, anaona kama tulimficha kitu.

Nami nasema tulimficha kweli. Tulimficha kwamba vitabu vyetu vimejaa watu wanaouliza.

Soma Katha Upanishadi, moja ya Upanishadi, maandiko yetu ya kale ya tafakari. Kuna kijana anaitwa Nachiketa, baba yake anatoa sadaka ya ng'ombe. Mtoto anawatazama wale ng'ombe: wamekwisha kunywa maji yao ya mwisho, wamekwisha kula majani yao, maziwa yameisha, hawazai tena. Anaona baba anatoa asichokihitaji na kukiita sadaka. Anamuuliza, “Na mimi utanitoa kwa nani?” Anarudia mara ya pili, na ya tatu, mpaka baba anafoka: nakutoa kwa Mauti! Kijana akaenda. Yama, bwana wa mauti, hakuwepo nyumbani, na Nachiketa akamsubiri siku tatu bila kula. Yama aliporudi aliona vibaya mgeni amelala njaa, akamwambia achague zawadi tatu. Kwa ile ya tatu kijana alisema: mtu akifa, wapo wanaosema bado yupo na wapo wanaosema hayupo, niambie ukweli. Yama akajaribu kumtoa kwenye swali kwa ng'ombe, tembo, dhahabu na umri mrefu. Nachiketa akamwambia abaki navyo.

Huyo ndiye kijana anayesifiwa na maandiko yetu, dada, na alianza kwa kumuuliza baba yake swali zito siku ya sadaka. Ila ipo pia zawadi ya kwanza aliyoomba, nayo ni kwamba hasira ya baba yake itulie. Hapo nitakaa na mpwa wangu muda mrefu. Kumuuliza shemeji ni haki yake, na kutaka moyo wa baba yake utulie nako kunamhusu.

Baada ya hapo namfundisha jinsi ya kuuliza, maana ubishi wa bwenini una kelele nyingi na hoja chache. Wanafalsafa wa Nyaya, shule ya kale ya mantiki ya Kihindu, walitaja njia nne za kupata ujuzi: kuona kwa milango ya fahamu, kukisia kwa hoja, kulinganisha, na kauli ya mtu wa kuaminika. Mfano wao wa kale ni moshi kilimani: ukiona moshi, unajua kuna moto. Niliwapa vijana mfano huo, binti mmoja akasema, “Mwalimu, kwa Dodoma hii, utajuaje kama si vumbi?” Tulimaliza kipindi kizima hapo hapo. Na Wananyaya wenyewe walilijadili jambo hilo, mtu kudhani ameona moshi kumbe ni ukungu au vumbi, hoja yote ikaanguka. Kijana aliyepitia zoezi hilo akisikia mtu anasema “hakuna Mungu” au “Mungu yupo”, anamuuliza kwanza: umejuaje?

Hata akifika mahali pa kusema hamwoni muumba, bado hajatoka nje ya mazungumzo yetu. Sankhya ya kale, shule nyingine ya falsafa yetu, inaeleza ulimwengu bila kuhitaji muumba. Wamimamsa, wafafanuzi wa ibada, walishika ibada za Veda, maandiko yetu ya kale kabisa, kwa ukali, na bado wakubwa wao walipinga hoja za kuwepo kwa muumba. Wacharvaka, wanafalsafa wa India waliopinga dini, walikana roho na maisha baada ya kifo, na mwanazuoni Madhava, alipokusanya mafundisho ya falsafa mbalimbali katika karne ya 14, aliyaeleza ya kwao katika sura ya kwanza. Utenzi wa uumbaji katika Rig Veda, mojawapo ya hizo Veda, 10.129, unauliza ulimwengu umetoka wapi, na unakoma kwa kusema kwamba anayeutazama kutoka mbingu ya juu huenda anajua, au huenda hajui.

Swali lake la karma, yaani matendo ya mtu na matunda yake hata katika maisha mengine, ndilo gumu kuliko yote: mtoto aliyezaliwa mgonjwa amekosa nini? Tafadhali, wewe na shemeji msimjibu tena kwamba ni makosa ya maisha yaliyopita, kisha mkafunga mazungumzo. Brahma Sutra, kitabu cha kale cha muhtasari wa mafundisho ya Upanishadi, chenyewe kinaileta shutuma hiyo, kwamba Mungu atakuwa na upendeleo na ukatili. Shankara, mfafanuzi wake mashuhuri, anajibu kwamba Mungu ni kama mvua, inayonyesha sawa juu ya mbegu zisizo sawa. Kisha inaletwa pingamizi: mwanzoni kabisa, kabla ya tendo lolote, tofauti ilitoka wapi? Jibu lao ni kwamba mzunguko huu hauna mwanzo. Mimi jibu hilo halinitoshelezi, na nitamwambia hivyo. Ninachokishikilia ni kwamba karma ni ya kupimia matendo yangu mimi, na asiitumie kamwe kuhukumu ugonjwa wa mwenzake.

Kuhusu matabaka ya kuzaliwa katika Uhindu sitamzungusha. Atasikia habari za Ambedkar, kiongozi wa watu wa tabaka la chini nchini India, aliyeongoza kuchomwa kwa Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria kinachotetea matabaka, hadharani kule Mahad, India, mwaka 1927, na mwaka 1956 akaondoka katika Uhindu pamoja na maelfu ya watu. Atasikia pia habari za Satyakama, kijana wa katika Upanishadi, ambaye mama yake hakujua mtoto ni wa ukoo gani, na mwalimu akampokea kwa sababu alisema kweli. Lakini hadithi moja nzuri haifuti karne za watu kukatazwa visima na mahekalu, na sisi wenyewe hapa Tanzania bado tunaulizana jamii kabla ya posa.

Na msimtumie tena zile video zinazodai kwamba Veda zilikuwa na ndege na makombora. Anasoma fizikia. Akigundua hilo si kweli, atatupa pamoja nalo na Upanishadi ambazo hazikudai hivyo.

Ombi langu ni dogo. Msimlazimishe puja kwa sasa, ila mezani akae nanyi, na aendelee kumwamkia bibi na kuombewa naye kama zamani. Akipata ruhusa ya kutoka bwenini Jumamosi, nitampitia mwenyewe getini. Tutaanza na sura ya pili ya Gita, kitabu cha mazungumzo ya Mungu Krishna na shujaa Arjuna uwanjani mwa vita, Arjuna akiwa ameishiwa nguvu na hajui afanye nini, na tutakwenda mpaka sura ya 18, pale Krishna anapomwambia atafakari yote aliyosikia, kisha afanye atakavyo. Shemeji naye akitaka kuja kukaa nasi, karibu sana, mradi akubali kuulizwa.

Mdogo wako,
Dodoma