Kinga ipite wapi?

Bwana Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika gazeti lenu kwamba kinga, yaani baiskeli, na chukudu, yale magari yetu ya mti ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, ziondolewe kabisa kwenye lami ya Goma, eti ndizo zinazoleta ajali. Mimi ni fundi wa kinga hapa Birere, mwaka wa ishirini na mbili sasa, kwa hiyo atasema ninatetea unga wangu. Sawa, ninautetea. Lakini nina siku moja ya kumsimulia.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikwenda Mombasa kufuata vipuri. Mpwa wangu anayeishi kule akaniazima baiskeli (ukiwaambia "kinga" wanadhani unatafuta mwavuli), nikaamua kuiendesha hadi Malindi, kilomita kama 120, kwa siku moja. Nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla sijalivuka daraja la Nyali nilikuwa nimeshatukanwa mara mbili: sisi tumezoea kupita kuume, Wakenya wanapita kushoto.

Hadi Mtwapa ni matatu, tuktuk, malori na bodaboda, wala hakuna anayempisha mwenzake. Hata hivyo nilikwenda bila wasiwasi, kwa sababu nje ya mstari mweupe palibaki lami, upana wa hatua mbili hivi. Nilikaa humo, magari yakanipita. Mbele ya Mtwapa, mahali walipokuwa wakiipanua barabara, zile hatua mbili zikakatika ghafla. Basi likapiga honi karibu na sikio langu, nikashukia mchangani, gurudumu la mbele likazama, nikaanguka na kiwiko. Kovu ninalo. Baiskeli ni ile ile, mwendeshaji ni yule yule.

Mama muuza mahamri akanimwagia maji kwenye kidonda. "Pole baba, keti kwanza ule." Nilikula mahamri sita kwa mbaazi, akakataa kulipwa yale mawili ya mwisho.

Kilifi nilisimama juu ya daraja kuitazama hori inavyoingia bara. Kabla ya 1991 watu walivuka hapo kwa feri. Toka hapo upepo wa kusi ukanishika mgongoni, nami nikateleza kama chukudu inayoshuka toka Kibumba. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulinipa kivuli, magofu ya Gede sikuyaingia, saa kumi jioni nikawa Malindi. Kurudi nilipanda matatu. Kusi ile ile ingenipiga usoni, nami si kijana tena.

Sasa turudi nyumbani. Kijana anashuka toka Kibumba na magunia ya viazi, breki yake ni kipande cha tairi anachokikanyaga kwa mguu. Upande mmoja ana lori, upande wa pili ana mtaro na mawe ya volkano yanayokata mipira kama wembe. Najua, maana mipira hiyo huletwa kwangu. Msomaji wetu anataka apite wapi? Na viazi hivyo si ndivyo vinavyofika mezani kwake? Tumeisimamisha chukudu ya dhahabu katikati ya mzunguko, wageni wanapiga picha, halafu ile ya mti inayotulisha tunataka kuifukuza.

Ninachoomba kwa wanaomwaga lami ni kidogo: wachukue chukudu moja yenye mzigo, wapime upana wa usukani wake, waongeze nusu hatua, na kipimo hicho wakiache pembeni kila upande. Madereva wa moto (pikipiki) nao wasikigeuze kuwa kituo chao.

Msomaji yule, kama yuko tayari, nitamwazima kinga yenye breki nzima. Tuondoke Birere saa kumi na mbili asubuhi hadi Mugunga, yeye atangulie, mimi nitakuwa nyuma yake na pampu.

Fundi wa kinga,
Birere, Goma