Ngome Gani Hii Iliyodharauliwa?

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa historia alituletea kurasa 12 zilizokwisha kutafsiriwa na programu ya simu. Alitaka "tuzipitie tu haraka", maneno yanayomfanya mfasiri yeyote ashushe pumzi. Ukurasa wa 3 ulisema kwamba ngome ya Corfe, huko Dorset kusini mwa Uingereza, "ilidharauliwa mwaka 1646". Kiswahili safi, sarufi haina kasoro, na maana hakuna.

Neno lililoleta balaa ni "slight" la Kiingereza. Wengi tunalijua kwa maana ya kitu kidogo, au kitenzi cha kumpuuza mtu: ndugu wa bwana harusi asiyepewa kadi ana haki ya kulitumia. Likitajwa pamoja na ngome, ni jambo jingine. Ni kuibomoa kwa makusudi, kiasi cha kutosha isifae tena vitani. Leo utalikuta zaidi kwa wanahistoria na wanaakiolojia, maana lilivuma karne ya 17, Bunge la Uingereza lilipopigana na Mfalme Charles wa Kwanza. Bunge likishinda, liliogopa kuacha ngome nzima nyuma yake. Wafuasi wa mfalme wangeweza kurudi na kujifungia humo.

Corfe ilikuwa na sababu ya kuogopwa. Mary Bankes, mke wa mwenye ngome, aliilinda isitekwe mwaka 1643, na ilipoanguka mwaka 1646 ni kwa usaliti wa mtu wa ndani. Kisha watu wa Bunge wakachimba chini ya kuta na kulipua baruti. Hawakuimaliza: hadi leo minara yake imesimama imeinama, utadhani imelewa. Kule Raglan, Wales, walichimba chini ya mnara mkuu, wakauegemeza kwa magogo, halafu wakayachoma moto magogo yenyewe. Pande mbili kati ya sita za mnara zikaporomoka.

Sasa, dharau iliingiaje? Zamani "slight" ilikuwa laini, sawasawa, kama sakafu iliyosakafiwa vizuri. Waholanzi bado wana "slechten", yaani kubomoa na kusawazisha. Upande mwingine, kilicho laini kikawa chembamba, chembamba kikawa kidogo, na kidogo hakiheshimiwi. Programu haikuzua, basi. Ilishika tawi lisilo lake.

Ikabaki kutafuta neno la Kiswahili. Kwetu kazi ya kufumua mara nyingi hufanywa na mwisho wa kitenzi: panga, pangua; ziba, zibua; fuma, fumua. Halafu kuna umba na umbua. Kuumbua ni kuharibu umbo, na pia ni kumwaibisha mtu hadharani, ubomoaji na dharau ndani ya neno moja! Nilitembea nalo siku nzima nikijisifu. Mwenzangu ofisini akaniuliza kama ngome hiyo ilisutwa kwenye taarabu, nikalifuta.

"Kubomoa" peke yake kunadanganya pia, kwa kuwa msomaji ataona kiwanja kitupu. Tuliandika "ililemazwa", na mara ya kwanza tukaongeza "yaani ilibomolewa makusudi isiweze kutumika tena vitani". Mwalimu aliridhika.

Ndiyo maana ukituletea tafsiri ya mashine tunaomba na maandishi ya asili, hata kama ni picha ulizopiga kwa simu. Kosa la sarufi tunaliona wenyewe. Sentensi iliyonyooka lakini ya uongo hatuwezi kuikamata bila kuuona mwanzo wake. Tutakwambia pia mapema kama ni nafuu kuhariri au kuanza upya, maana mara nyingine kiraka kinagharimu kuliko nguo.

Kwa mwalimu tulikubaliana kuhariri. Tulipofika ukurasa wa 7, "keep", ambao ni mnara mkuu wa ngome, ulikuwa umegeuka "matunzo", na askari walikuwa wamekimbilia ndani ya matunzo. Tukampigia simu, tukarudi ukurasa wa 1.