Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMC: kambare wa Msimbazi wasituhadae

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), salaam.

Mazungumzo ya uchafu wa Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, yakifika kwenye samaki, hakosekani wa kusema: "Mbona kambare wamo?" Ni kweli, wamo. Lakini kambare mkubwa ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Ndiyo maana utamwona anaibuka, anapiga funda la hewa, anazama tena kwenye maji meusi yanayonuka. Yai lake halina kiungo hicho, wala kifaranga aliyetoka kuanguliwa. Hao wanategemea oksijeni ya majini, ileile inayomalizwa na bakteria wanaoozesha kinyesi na damu ya machinjioni.

Tena kambare hutaga mvua zinapoanza, maji yakipanda kwenye nyasi za kingoni, na mayai hunata kwenye majani. Msimu huohuo ndio wa kutapisha vyoo mabondeni. Mvua ikikolea usiku, mtu anatoboa shimo, mkondo unamalizia kazi. (Siwalaumu sana majirani, gari la majitaka haliingii kila uchochoro, na likiingia, bei yake si ya mpangaji wa chumba kimoja.)

Kuna na uchafu usioonekana. Nchini Kanada, kati ya 2001 na 2003, watafiti walitia kwenye ziwa dogo homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na aina moja ya visamaki ikakaribia kutoweka ziwani humo. Homoni kama hizo hutoka na mkojo. Majitaka yetu yanakwenda wapi, unajua.

Sikuombi semina wala bango. Naomba mto upimwe wakati wa masika, oksijeni ipimwe alfajiri inapokuwa chini kabisa, na wataalamu wakague nyasi za kingoni kama zina mayai hai. Matokeo, kuanzia Pugu hadi Daraja la Salenda, yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa tuyasome. Na kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, Mradi wa Bonde la Msimbazi, huu wa kudhibiti mafuriko, uache sehemu za kingo hizo na nyasi zake, zisimwagiwe zege. Kambare hatagi kwenye zege.

Wako,
Mkazi wa Kigogo