Zahanati ziwaulize wazee: uliwahi kuwa jeshini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme machache kuhusu afya ya askari wastaafu, kwa sababu huku kwetu Uyole jambo hili huishia kwenye utani. Mzee akipita na mkongojo wake vijana wa kijiweni wanamwambia, "Shikamoo afande! Nyie miili yenu ya chuma, mtatuzika sote." Afande mwenyewe ni mume wangu. Aliingia jeshini 1976, akaenda vita vya Kagera, vile vya kupigana na Idi Amin wa Uganda, akastaafu bado ana nguvu zake. Utani anaupenda. Mimi ninayemsaidia kuinuka kitandani asubuhi nina maneno ya kuongeza.

Hiyo habari ya chuma ina chanzo chake. Jeshi halizoi watu hivi hivi. Kijana anapimwa macho, kifua na miguu, anakimbizwa, na mwenye pumu au moyo mbovu anarudishwa nyumbani kuendelea kuwa raia. Kwa hiyo siku ile ya kwanza ya kuvaa kombati askari tayari wamechujwa, na wagonjwa wote wamebaki upande wa pili. Watafiti wa nje wanalijua hili siku nyingi: ukilinganisha vifo vya askari na vya raia wa umri ule ule, askari huonekana wazima zaidi, halafu nafuu hiyo inapungua kadiri miaka inavyokwenda. Anayesema jeshi linajenga mwili ajiulize kwanza kama halikuchagua mwili ambao mama wa watu alikwisha kuujenga kwa ugali na maharage.

Scotland walifuatilia kumbukumbu za matibabu za waliopitia jeshini zaidi ya 50,000, waliozaliwa kati ya 1945 na 1985, wakazilinganisha na za raia. Waliotumikia muda mrefu kwa jumla walikuwa na hali nzuri kuliko walioondoka mapema, wakiwemo walioacha kabla hata ya kumaliza mafunzo. Sigara nayo ina sehemu yake. Jeshi la Marekani liliendelea kuwapa askari sigara pamoja na chakula chao cha vitani hadi 1975. Kwa hiyo hata huko kwa wenye takwimu, swali la nani mzima kati ya askari na raia halijibiwi kwa sentensi moja.

Nirudi kwenye magoti, maana ndiyo ninayoyajua. Askari wetu wa miguu walitembea sehemu kubwa ya safari ya kutoka mpakani hadi Kampala, na silaha, risasi na chakula vikiwa mgongoni. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya mchakamchaka na kwata juu ya lami. Goti lililowahi kuumia ujanani, hata kama lilipona, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kusagika uzeeni. Marekani, ambako wanahesabu kila kitu, ugonjwa wa viungo unawapata waliopitia jeshini kuliko watu wazima wengine. Kwa lugha ya nyumbani kwangu maana yake ni choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa kama vya majirani wengi, na mume wangu hawezi tena kuchuchumaa. Mwanzoni tulifunga kamba kwenye boriti ajivutie nayo. Baadaye fundi seremala akatuchongea kiti chenye tundu, akakiwekea mikono ya kushikia pande zote mbili. Kabla ya kiti hicho alikuwa anajinyima chakula akijua tuna safari, na mimi nikadhani hana hamu ya kula.

Masikio ni habari nyingine, na hii watu hawaifahamu kabisa. Mlio wa bunduki ya kawaida unapita desibeli 140, yaani kipimo cha ukali wa sauti. Kiwandani mtu anatakiwa asikae saa nane kwenye kelele zinazozidi 85 bila kuziba masikio. Wao walikuwa karibu na mizinga, na ile mitambo ya makombora ambayo Waganda waliita saba saba, masikio wazi. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena, na huanza kufa vile vya sauti nyembamba. Ndiyo maana mzee wangu anasikia lori la tumbaku likipanda mlima, anamsikia mchungaji mwenye sauti nzito, lakini mjukuu wa kike akimwita kwa mlango wa jikoni haitikii. Mtoto akajua babu ana kiburi. Kwa kweli hata mimi ananisikia nusu, nami siku hizi naongea kama nauza nguo Mwanjelwa. Usiku masikio yenyewe yanapiga mluzi bila mtu kupiga. Marekani mluzi huo wa sikioni ndio unaoongoza katika malipo ya ulemavu wa waliotumikia jeshi.

Nilimpeleka zahanati moja ambayo sitaitaja. Binti wa pale alikuwa na adabu zake. "Shikamoo babu, unaumwa nini?" "Magoti, mjukuu wangu, na masikio." "Ah babu, huo ni uzee tu." Akaandikiwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Hakuulizwa alifanya kazi gani maishani. Tukaendelea kununua vidonge hivyo duka la dawa kila maumivu yakizidi, hadi daktari mwingine alipotufungua macho kwamba dawa za aina hiyo zikitumika muda mrefu zinachoma tumbo, zinaumiza figo na zinapandisha presha. Na presha alikuwa nayo. Mtu amezoea sahani ya mesi, sahani ya kijana anayekimbia kilomita kadhaa kabla ya chai. Akistaafu mbio zinakoma, sahani inabaki vile vile. Hapo askari wa jana anaanza kufanana na raia wa leo, na pengine kumzidi kwa kitambi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, kwa hiyo hilo si la wanajeshi peke yao.

Nisije nikaonekana natafuta huruma ya upande mmoja. Jirani yetu alisoma darasa moja na mume wangu, hakuwahi kuvaa buti za jeshi, amelima viazi miteremko ya Uporoto maisha yake yote. Leo anapanda shambani na jembe begani, anachuchumaa kuchagua mbegu kama kijana. Lakini mgongo unamsumbua, na amepulizia dawa ya ukungu miaka yote hiyo bila kufunika pua. Kifua chake kikibana tunasema ni baridi ya Mbeya. Raia naye ana vita yake, ila angalau akifika zahanati wanamwona mkulima, wanajua pa kuanzia.

Kuna kundi la tatu ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1978 na 1979 makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa kuongeza nguvu ya jeshi. Waliokuwa vijana wa Rungwe, Makete, Njombe, Ludewa, walikwenda, wakapigana, wakarudi kwenye majembe yao. Hawa kwenye makaratasi ni raia. Hawana kiinua mgongo cha askari wala kitambulisho cha mstaafu, lakini masikio yao yalikuwa pale pale kwenye mizinga. Mtu akija leo kulinganisha afya ya askari na ya raia huku kwetu, hawa atawaweka upande gani? Atawahesabu raia, na hesabu itaharibika.

Hospitali kuu ya jeshi iko Lugalo, Dar es Salaam, jina lililotoka Iringa, mahali Wahehe wa Mkwawa walipowapiga Wajerumani mwaka 1891. Kutoka Uyole kwenda kuliona jina letu huko ni kama kilomita 800. Hapa Mbeya hospitali ya jeshi ipo na sina ugomvi nayo. Ila mzee wa Makete mwenye goti bovu anaanzia zahanati ya kijiji, na hapo ndipo ninapoomba mabadiliko, wala si ya gharama. England fomu ya kujiandikisha kwa daktari ina swali kama mtu amewahi kutumikia jeshi. Nasi tuliweke kwenye kadi, na liwaguse JKT, mgambo na akina mama waliotumikia pia. Anayejibu ndiyo apimwe masikio, magoti na presha, aulizwe vidonge anavyomeza, na azuiwe kununua diklofenaki kiholela.

Na Siku ya Mashujaa, Julai 25, baada ya gwaride na mashada, wakuu wa mikoa yetu ya nyanda za juu waweke meza za vipimo pale pale uwanjani, wazi kwa mgambo wa zamani hata kama hana karatasi yoyote. Viti viwe vingi. Wengi wao hawawezi kusimama foleni.

Mke wa afande,
Uyole, Mbeya