Barua ya wazi: Mheshimiwa, turudishieni picha za baba

Mheshimiwa, shikamoo. Jina lako silitaji lakini ukisoma utajijua.

Wiki jana mvua imepiga Lamu usiku kucha, asubuhi kijana wa usafi hapo ofisini kwenu, Mungu ambariki, akanitumia picha kwa simu. Michoro ya marehemu baba tuliyokukabidhi imeegeshwa koridoni, maji yamefika kwenye fremu, na ile ya ufuo wa Kililana rangi imevimba inabanduka kuanzia chini. Wallahi nimelia.

Baba hakusomea uchoraji. Alianza utotoni Matondoni kwa mafundi wa majahazi, akipaka rangi yale macho ya omoni, mbele ya chombo, mpaka akaanza kuchora alichokiona: mikoko maji yakijaa, michanga ya Shela, kuta za magofu ya Takwa. Turubai la dukani hakuliweza, akinunua matanga makuukuu anayachemsha yatoke chumvi, anayapiga rangi nyeupe ya nyumba ndo achore. Mshono wa tanga hakuuficha, unakatiza mbinguni kabisa, na mimi nikiuona namuona yeye.

Watalii walinunua na sisi tukasoma kwa pesa hizo. Halafu 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na kafyu, wageni wakakatika, na hapo ndo akachora zile asizouza: akipata mafuta ya boti tu anavuka kwenda kuchora ufuo wa Kililana kabla bandari mpya ya Lamu haijaumeza. Gati ya kwanza ikafunguliwa 2021. Mjukuu wangu akitaka kujua pale palikuwaje ataangalia wapi?

Na wewe Mheshimiwa ulikuja msibani, ukasema mbele ya watu kwamba picha hizi ni mali ya Lamu na zitatengezewa chumba. Tukakupa kwa imani, hata karatasi hatukuandikishana. Mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, kila hotuba mnalitaja hilo, sasa urithi gani unaolowa koridoni? Nasikia chumba kimegeuzwa stoo ya viti, wengine wanasema bajeti, mimi naona hakuna aliyejali tu. Mama kila siku ananiuliza na mimi sina jibu, nikipiga simu naambiwa uko mkutanoni.

Chumba basi, kiacheni. Fidia sitaki, sherehe sitaki. Turudishieni picha za baba kabla mvua nyingine. Punda nitaleta mwenyewe, mahamali nitawalipa mwenyewe, nyinyi mfungue mlango tu.